Droo Mbili

Kaarel ana miaka ishirini na sita, na hereni sikioni.
Mimi hamsini na tisa, na magoti yanayotabiri theluji.
Siku ya kwanza hakunipa ubao. Alinipa patasi
na kinoo kilicholowa, akasema:
"Noa mpaka inyoe malaika ya mkono."
Nikanoa Jumatatu. Nikanoa Jumanne.
Jumatano mkono wangu wa kushoto
ulikuwa mtupu kama kuku aliyenyonyolewa,
naye akasema, haya, sasa tunaweza kuongea.

Karakana yake lilikuwa zizi, nje kidogo ya Kuressaare.
Ukutani zimebaki pete za kufungia ng'ombe;
leo zinaning'iniza misumeno.
Februari bahari imeganda, watu wanavuka kwa magari,
na ukiweka gundi karibu na dirisha
inakuwa ngumu kabla hujatafuta jiriwa.

Miaka thelathini nilihesabu maziwa ya watu
kiwandani: lita, mafuta, makato.
Nilidhani najua kupima.
"Weka rula chini, Virve," akasema.
"Laza ubao juu ya mwenzake, uchore kwa kisu.
Kalamu ina unene wake.
Kisha kata upande wa taka. Mstari uache."

Mkia wa samaki, ndivyo tunavyokiita kisiwani kiungo kile:
kipana nchani, chembamba kiunoni,
kikishaingia hukivuti kikatoka.
Wa kwanza wangu ungepitisha barua mlangoni.
Wa pili uliingia kwa nyundo, ukapasua msonobari
kwa sauti niliyoisikia mpaka usiku.
Wa tatu niliukata vizuri sana,
upande usio wake.
Saba zimekwenda jikoni kuchemsha kahawa.

Endel wangu alikuwa mtu wa misumari.
Meza ya jikoni aliigonga kwa siku moja na nusu,
droo mbili, yake huku, yangu kule,
na kila Julai mbao zikivimba
tulizivuta kwa mguu ukutani, tukitukanana.
Haraka haina baraka, wanasema.
Watoto watatu walilia na kula juu ya haraka ile.

Mwezi wa tatu nikaileta kwa Kaarel, nikazivunja droo.
Misumari arobaini na mmoja, niliihesabu, ndiyo kazi yangu.
Kila mmoja umepinda kivyake.
Halafu nikageuza ubao wa chini wa droo yake,
na kule ambako hakuna mtu angeangalia
kulikuwa na kalamu ya risasi:
37. Imekatwa.
37 na nusu. Imekatwa.
38, na alama ya kuuliza.

Kumbe alipima.
Hakuniuliza, na mimi nilikuwa chumba cha pili,
mlango wazi,
nikijumlisha maziwa ya watu.

Kaarel alitaka kuupitisha randa ubao ule, usafike.
Nikamshika mkono, kijana wa watu, mpaka akashtuka.
Nimeurudisha palepale, maandishi yakitazama sakafu,
ndani ya kuta mpya za mwaloni
zilizoshikana kwa meno yao wenyewe.
Kona ya nyuma, kushoto, kuna mwanya
unaopitisha wembe. Naujua. Nimeuacha.

Aprili barafu imepasuka, meza imerudi nyumbani.
Maranda bado yanatoka kwenye soksi zangu.
Kaarel alinionyesha jambo moja kabla hajaondoka:
nyuma ya droo hewa haina pa kupita,
ndiyo maana ukifunga hii, ile inajitokeza.
"Ni hewa tu," akasema, akivaa kofia,
"lakini si kila fundi anaipata."

Jioni nakaa upande wangu na kikombe.
Nasukuma droo yangu ndani, taratibu.
Yake inatoka, inchi moja, mbili,
kama mtu aliyesimama mlangoni
anataka kuuliza kitu.